Honda ya mzee inatoa moshi mweusi na kila mtu anasema ni hewa ya Njombe

Wiki tatu nimekuwa nanuka petroli, mpaka mke wangu akaniambia nikirudi gereji nivue nguo nje. Pikipiki yenyewe ni Honda CG125 ya baba, aliipanda enzi zile akiwa bwana shamba huku Njombe, alipostaafu ikaenda kukaa kwa mjomba Morogoro miaka kibao, sasa mimi nimeirudisha huku juu. Inawaka, tena asubuhi na baridi hili inawaka kiki ya pili, lakini ikishapata moto ndo balaa linaanza, ukivuta resi kidogo inagugumia bububububu kama mtu anaongea na maji mdomoni, nyuma moshi mweusi, halafu ukipita hapo inafunguka inaenda vizuri tu. Lita moja ilikuwa inanipa kilomita 22. Kwa 125 hiyo ni aibu.

Plagi nikifungua nyeusi tii, masizi makavu unafuta na kidole yanatoka. Hapo ni pa kuangalia vizuri, maana yakiwa makavu hivyo ni petroli imezidi, ila yakiwa yameloa na yanateleza ni oili inapanda, hiyo ni ringi au sili za valvu, na kabureta, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa, utakitukana bure.

Kijiweni kila fundi akaja na jibu moja, hewa. Njombe iko kama mita 2,000 juu, hewa nyepesi, petroli inazidi, shusha jeti kubwa, yaani weka kitundu kidogo zaidi cha kupitishia petroli kwenye kabureta. Na si uongo, ukitoka usawa wa bahari mpaka huku hewa imepungua karibu moja ya tano, kabureta haina akili ya kujua hilo inaendelea kumwaga mafuta yaleyale. Nikashusha jeti kubwa kutoka 98 mpaka 92. Matokeo yake mlimani ikawa haina nguvu, resi yote nimevuta inalia tu, na kule chini kwenye resi ndogo inagugumia vilevile. Yaani nimeongeza ugonjwa wa pili juu ya ule wa kwanza.

Nikampigia mzee.

"Shikamoo baba. Ile Honda inatoa moshi, mafundi wanasema hewa ya huku nyepesi."

"Marahaba. Hewa ya huko nyepesi tangu sijazaliwa, na hiyo pikipiki nimeiendesha hukohuko miaka tisa haijawahi kutoa moshi. Tafuta kilichobadilika."

Akakata, ana tabia hiyo.

Basi nikaanza upya kwa utaratibu. Ea klina kwanza, lile chujio la hewa, sponji ilikuwa chafu na mtu kailowesha oili kupita kiasi, nikaiosha kwa petroli nikaikamua ikakauka, ikasaidia kidogo. Choki, nikafungua bomba la hewa nikachungulia na tochi, kile kibati kinachoziba hewa wakati wa kuwasha kinafunguka chote. Floti sasa, lile boya linalopima petroli kwenye kikombe cha chini ya kabureta, nikachomeka kimpira kinachoonyesha ndani kwenye tundu la kumwagia la kikombe, nikakipindisha juu kando ya kabureta, nikafungua koki. Petroli ikapanda ikasimama chini kidogo ya mdomo wa kikombe, nikaiacha nusu saa haikusogea. Ingeendelea kupanda ningejua sindano ya floti haifungi. Na hilo usilichukulie poa, petroli huwa inashuka mpaka kwenye oili ya injini, ukinusa stiki ya oili unaisikia, hapo mwaga oili kabla hujaua beringi.

Kitu kilichonifumbua macho ni plasta ya kidonda. Nilibandika kipande kwenye mkono wa resi, kingine pembeni pasipozunguka, nikachora alama za robo, nusu, robo tatu na yote. Nikatoka barabara ya Makambako nikawa nashikilia alama moja kwa dakika kadhaa, nazima injini hapohapo huku nimekamata klachi, nafungua plagi naangalia (jamaa mmoja wa bodaboda alisimama akaniuliza kama nimeibiwa). Sailensa, yaani injini ikizunguka bila kuvuta resi, iko safi. Resi yote, plagi nyeupe, petroli haitoshi, ile jeti niliyoshusha kwa kusikiliza watu. Robo mpaka nusu, nyeusi kama mkaa.

Sasa hapo kati si kazi ya jeti kubwa wala jeti ndogo. Jeti ndogo inatawala sailensa na resi ya mwanzo kabisa, jeti kubwa inatawala ukishavuta yote, katikati mwenye mamlaka ni ile sindano ndefu inayoning'inia kwenye pistoni ya kabureta pamoja na kile kibomba inachoingilia. Nikapandisha klipu inayoshikilia sindano mpaka mfereji wa juu kabisa ili sindano ishuke na petroli ipungue, moshi ukapungua lakini haukuisha.

Nikaing'oa. Kwa macho ya haraka utasema nzima. Nikaiviringisha juu ya kioo cha meza, upande mmoja ulikuwa unang'aa kuliko mwingine, ukipitisha ukucha unasikia kabonde kadogo kabisa. Kibomba nikakishika kwenye mwanga wa dirisha nikakizumu na kamera ya simu, tundu si duara tena, limekuwa kama yai. Miaka yote hiyo injini inatetema, sindano inagonga ukuta uleule, tak tak tak. Na ndo maana tatizo linaonekana resi ikiwa ndogo tu, pale nafasi kati ya sindano na tundu ni nyembamba kama unywele, ikiongezeka kidogo tu mafuta yanazidi sana, lakini sindano ikishanyanyuka juu nafasi ni kubwa, ule ulaji hausikiki.

Hakuna fundi hata mmoja aliyenitajia hicho kibomba. Kwao jeti ndo zinabadilishwa, sindano inasafishwa inarudishwa.

Kupata spea ndo ilikuwa kesi nyingine. Kiti ya kwanza niliyonunua, yaani pakiti ya spea za kabureta, ilikuja na sindano nene kuliko ya kwangu, ukiziweka sambamba unaona kabisa, ningeifunga ingekuwa vurugu. Nikarudi dukani na ya zamani mkononi, tukafungua pakiti nne mpaka tukapata inayolingana pamoja na kibomba chake. Vibadilishe viwili kwa pamoja, sindano mpya kwenye tundu la yai haitakusaidia kitu. Jeti za kwenye kiti sikuziamini, nikarudisha 98 yangu ya zamani, klipu nikaiweka mfereji wa kati, plagi mpya D8EA, skrubu ya hewa nikaitafutia pale injini inapozunguka kwa kasi na utulivu, basi.

Juzi nimeenda Makambako na kurudi. Plagi ina rangi ya chai ya maziwa, moshi hamna, lita imenipa kilomita 38. Nikampigia mzee kumpa habari njema.

"Thelathini na nane?" akasema. "Mimi ilikuwa inanipa arobaini na mbili. Umeangalia breki ya nyuma kama haishiki hata ukiwa hujaikanyaga?"

Nimeenda kuangalia. Inashika.