Upindo wa inchi nne

Mwanzoni mwa 2012, kibao cha kibanda changu katika Soko la Uhuru, kando ya Barabara ya Jogoo jijini Nairobi, kilijaa maandishi kuanzia juu hadi chini: mapazia, sare za shule, nguo za harusi, mashuka, kurekebisha nguo. Hata kadi za simu niliuza. Mteja akiuliza kama nashona kitu fulani, nilimjibu ndiyo kwanza, kisha ndipo nikawaza nitakishonaje.

Kulia kwangu alikaa mzee aliyeshona kaunda suti, basi. Vazi hilo lilipewa jina la Kenneth Kaunda, rais wa kwanza wa Zambia, na miaka ile vijana wengi waliliona vazi la babu zao. Mzee hakuongeza suruali za jinzi wala kitu kingine. Wateja wake walikuwa walimu wastaafu, wazee wa kanisa, machifu, na walimtafuta kwa jina sokoni mpaka wakampata. Mimi nilimhurumia, nikidhani amekwama.

Siku ninayoisimulia ilikuwa Jumamosi, na Jumatatu yake Kidato cha Kwanza walikuwa wanaripoti. Saa tisa alasiri mama mmoja aliingia na binti yake kuchukua sare aliyoilipia wiki mbili kabla. Blauzi ilikuwa bado vipande. Kitambaa cha sketi kilikuwa kimekunjwa chini ya meza, kimechorwa chaki lakini hakijaguswa na mkasi. Mezani zilitandazwa gauni sita za zambarau za wasimamizi wa harusi, oda iliyokuja Alhamisi na pesa nzuri.

Yule mama hakunifokea. Angefoka ningejua la kumjibu. Alikaa kwenye benchi, akatoa barua ya shule mkobani, akainyoosha juu ya paja na kuisoma upya orodha ya mahitaji, mstari kwa mstari. Tangu 2008 serikali ilikuwa inalipia masomo ya shule za upili za kutwa, lakini sare ilibaki juu ya mzazi, na sare ndiyo iliyowakwamisha wengi nyumbani wakati wenzao wameshaingia darasani. Binti alisimama nyuma ya mama yake, macho kwenye sakafu.

Mzee alikuwa ameona yote. Aliweka kando koti alilokuwa akilishona, akaniambia, "Binti yangu, lete hiyo sketi."

Akakitandaza kitambaa mezani kwake. Akauliza upindo nimeuachia inchi ngapi. Moja na nusu, nikamwambia. Nilikuwa nabana kitambaa. Akafuta mstari wangu wa chaki kwa kidole gumba, taratibu, akachora mwingine chini yake. Inchi nne.

"Mtoto huyu ana miaka kumi na minne," akasema. "Unamshonea huyu aliyesimama hapa, au yule atakayefanya mtihani wa Kidato cha Nne?"

Sikujibu. Alikata, akaunga, akapanga marinda, na kwenye mishono ya kiuno akaacha kitambaa cha ziada kwa ndani. Mimi nilishughulika na blauzi. Saa moja jioni umeme ukapotea, tukawasha taa ya chemli na kuendelea, cherehani zetu zikiwa za miguu. Mama na binti waliondoka karibu saa tatu usiku na sare kwenye mfuko wa karatasi.

Tukiwa tunafunga, mzee aliniuliza tena: "Ukifunga kibanda hiki kabisa, nani atahangaika?"

Usiku ule nilifungua kitabu changu cha oda. Mwenye mapazia angeyapata Eastleigh yakiwa tayari. Bibi harusi angepata fundi mwingine kabla ya jua kutua. Nilipofika kwenye sare niliona kitu nilichokuwa nikikiandika bila kukisoma: majina ya ukoo yanarudi, dada, kisha mdogo wake, kisha binamu. Hao ndio waliokuwa wangu, na hao ndio niliokuwa nawasukuma chini ya meza.

Wiki iliyofuata nilikipaka kibao rangi nikaandika maneno matatu tu: Sare za shule. Chini yake sikuongeza kitu. Nyuma ya kitabu cha oda niliandika kwamba kila sare itokayo kwangu imfikishe mtoto Kidato cha Nne.

Wenzangu wa vibanda, najua kodi haingoji maono. Machi na Aprili zile nilikula ugali na sukuma bila nyama, nikawarudisha watu wa mapazia huku moyo ukiniuma. Anayeuza vitu kumi si mjinga. Pengine vyote kumi vinamhudumia mtu yuleyule. Nilikosea kwa kuwa sikujua mtu wangu ni nani, kwa hiyo kila aliyekuja na noti nene alimpita mwenzake. Nilipomjua, hata ununuzi ulibadilika. Novemba, zamu yangu ya kupokea pesa za chama chetu cha kuchangiana ilipofika, nilinunua majora mawili ya kitambaa mapema, nikakata sketi za Januari kabla mzazi hajaja kubisha.

Agosti 2014, likizo, msichana mrefu alisimama mlangoni na sketi ya buluu mkononi. Sikumtambua mpaka nilipougeuza upindo. Nilichukua wembe nikaufumua uzi wa mzee, mshono kwa mshono, kitambaa kikashuka. Sehemu iliyokuwa wazi ilikuwa imepauka kwa jua na sabuni. Ile iliyofichwa ndani ilikuwa buluu kabisa, kama siku ile. Nikamwita mzee aje aone.