Maji yakipwa Hamburg

Mwezi wa kwanza nilikula ugali nilioupikia sakafuni. Silalamiki, nataka tu mjue nyumba za huku zinavyokuwa. Nilipokabidhiwa funguo za nyumba yangu ya kupanga kule Wilhelmsburg, mtaa wa Hamburg, nilikuta vyumba viwili vyeupe, safi, na jikoni mdomo wa bomba ukutani na nyaya za umeme, basi. Sinki hakuna, kabati hakuna, jiko hakuna. Mpangaji aliyetangulia alihama navyo, hata balbu aliondoka nazo, na hapa Ujerumani hilo ni jambo la kawaida kabisa. Nikanunua jiko la umeme la sahani moja, nikaliweka chini karibu na soketi, nikachuchumaa kama bibi yangu alivyokuwa akichuchumaa mbele ya seredani kule Chumbageni, Tanga. Vyombo naosha bafuni.

Kazi haikunisumbua. Mimi ni muuguzi, na wodi ni wodi popote. Kilichonilemea ni Jumapili. Jumapili ya kwanza nilishika kikapu nikatoka kutafuta vitunguu, nikakuta mtaa mzima kimya, milango imefungwa, kama mji uliohamwa usiku. Nikaona basi, angalau nipeleke chupa tupu kwenye lile pipa kubwa la vioo. Nimetia ya kwanza, ya pili, mama wa ghorofa ya chini akafungua dirisha: "Leo Jumapili!" Siku hiyo huku hakuna kutupa chupa, hakuna kutoboa ukuta, hakuna kelele ya aina yoyote. Nilirudi ndani na chupa zangu, nikalia.

Jumamosi iliyofuata mama yuleyule akabisha hodi. Mkono mmoja amebeba mashine ya kutobolea ukuta, maana alikwisha kuona mapazia yangu yamelala chini, mkono wa pili mfuko wa karatasi wenye joto. Ndani mna mikate ya hapa Hamburg iitwayo Franzbrötchen, imekunjwakunjwa, siagi na sukari vimeganda pembeni. Nilipofungua tu ikanipiga harufu ya mdalasini. Tukala tumekaa juu ya maboksi. Tangu siku ile tukikutana ngazini ni "Moin!", na hiyo ndiyo salamu ya hapa, asubuhi moin, jioni moin. Mimi niliyezoea kuuliza habari za nyumbani, za kazi, za watoto, ilinichukua muda kuamini kwamba neno moja linatosha. Yeye anavyolitamka, linatosha.

Ni yeye aliyeniambia nipande kivuko. Tiketi yangu ya mwezi ya treni inakubaliwa kwenye vivuko vya bandarini, akasema, sasa mbona unajifungia? Jumapili hiyo nikashuka stesheni ya Landungsbrücken, nikapanda namba 62 ya kwenda Finkenwerder. Mtu wa Tanga hawezi kuipita namba hiyo hivihivi. Mwaka 1893 miche ya katani ilitoka Florida ikapitia bandari hii hii ya Hamburg, na iliyofika kwetu ikiwa hai ilikuwa 62 tu. Mashamba yote yale ya Tanga, na jasho lote lililomwagika mle, yalianzia hapo. Nilisimama sitaha ya juu, upepo unanikata masikio, nawaza miche ile kwenye baridi hii.

Lakini kilichonisimamisha Jumapili ya pili ni daraja. Gati la Landungsbrücken linaelea juu ya maji, na unalifikia kwa vidaraja vinavyotoka nchi kavu. Mara ya kwanza kidaraja kilikuwa karibu sawasawa na barabara. Mara ya pili kimeinama, nateremka kama ninayeshuka mlima, vidole vinagusa ncha ya kiatu. Nikasimama katikati, watu wananipita. Nikachungulia nguzo: chini zimelowa, zimeota mwani wa kijani, na alama ya maji iko juu ya kichwa changu. Maji yamepwa! Huu ni mto, bahari iko zaidi ya kilomita 100 kutoka hapa, na bado Elbe inajaa na kupwa mara mbili kwa siku, zaidi ya mita 3 na nusu. Nilishuka kituo cha Neumühlen, nikatembea hadi ufukwe wa Övelgönne. Mchanga umeachwa wazi, tope linang'aa, na ile harufu, harufu ya pwani maji yakitoka, ile tuliyokuwa tukiifuata utotoni kwenda kuokota chaza. Nikavua viatu. Baridi ilipanda mpaka magotini, sikujali. Usiku nikatazama dirishani, mwezi mpevu. Bamvua, maji makuu ya mwezi mpevu.

Basi sasa wikiendi yangu ina mpangilio. Jumamosi ni Steindamm, karibu na stesheni kuu, kununua bamia, iliki na ndimu. Jumapili naamka alfajiri niwahi Fischmarkt, soko lililopo tangu mwaka 1703, lililoruhusiwa asubuhi na mapema ili wavuvi wauze samaki kabla ya ibada. Mpaka leo kiangazi linafunguliwa saa kumi na moja alfajiri na saa tatu na nusu linafungwa. Wauzaji wanapiga kelele kuliko wapiga debe wa stendi, wanarundika ndizi na mananasi kapuni huku wakitaja bei. Katika mji unaonyamaza Jumapili nzima, kelele ile huniburudisha moyo. Mimi huchagua vibua, nikibonyeza nyama, nikifunua mashavu. Muuzaji mmoja aliniuliza nimejifunzia wapi. "Kwa baba," nikamwambia.

Mchana nawachoma kwenye oveni, maana jiko ninalo sasa, la mitumba, milango yake ya kijani. Nawapaka tui zito la kopo, bizari na ndimu mpaka kingo ziungue kidogo. Sahani moja inashuka ghorofa ya chini.

Kisha napiga simu Tanga.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo."

Zamani hapo angeuliza kama nimekula, kama baridi imepungua, kama nalala. Siku hizi ananyamaza kidogo, nasikia redio ya jirani nyuma yake, kisha anauliza: "Maji je, yamejaa au yamepwa?"

"Yanapwa, mama. Nimeyaacha yakitoka."

"Huku yanajaa," anasema. "Baba yako keshatoka kuyatazama."