Mtande wa nyuzi za tumbaku

Gunia la tatu la mabaki ya vitenge lilipojaa na kuanza kuziba mlango wa chumba cha kushonea, mume wangu aliniuliza kama siku hizi nafuga vitambaa. Nina cherehani mbili hapa Isevya, Tabora mjini, na miaka yote mabaki nilikuwa nayachoma, au nawapa watoto wakatengenezee mipira. Siku hiyo nikayamwaga sakafuni, nikakaa katikati yake, nikasema nitafuma mazulia.

Kufuma nilikokujua ni kule kwa sindano: masweta, kofia za watoto, vitambaa vya makochi. Huku kwingine nilikuwa sijui hata pa kuanzia. Unatandika kwanza nyuzi nyingi zilizokazwa, zimelala sambamba. Huo ndio mtande. Halafu unapitisha uzi mwingine juu ya mmoja, chini ya wa pili, unakwenda na kurudi. Huo ni mshindio. Basi. Kaniki ni hivyo, shuka ni hivyo, gunia la mahindi ni hivyo. Nilikuwa nimekata vitambaa kwa mkasi miaka kumi na minne bila kuvitazama.

Seremala jirani yangu alinigongea fremu ya mbao za mninga zilizobaki kwenye kitanda cha mtu. Mninga ni mzito, kuihamisha fremu ni kazi ya watu wawili, lakini haipindi hata uikaze vipi. Tukapiga misumari 60 juu na 60 chini, mmoja kila sentimita, tukiipishanisha kidogo ili ubao usipasuke. Kila msumari unazungushiwa uzi, unapata nyuzi 120 za mtande kwa upana wa sentimita 60. Hesabu ya uzi ilinishangaza: kwa zulia la mlangoni tu, zinakwenda karibu mita 150.

Mita 150 za uzi imara unazipata wapi bila kufilisika? Huku kwetu jibu ni tumbaku. Wakulima wanakopeshwa nyuzi pamoja na mbolea, za kufungia majani kwenye fito kabla hayajaingia banini, kibanda cha kukaushia, na juti, uzi ule wa magunia, ya kufungia mitumba ya tumbaku iliyokauka. Shemeji yangu wa Urambo alikuwa na vibunda vinne vya kamba nyembamba za juti zilizobaki msimu uliopita. Akaniletea kwa basi, akagoma kulipwa, akasema atadai zulia.

Vitenge nikavikata vipande vyembamba vya sentimita tatu, nikaviunga. Kazi iliyonila muda ni kunyanyua nyuzi. Ukipita kwa vidole juu-chini, juu-chini, mara 120 kila mstari, jioni unakuwa umefuma upana wa kiganja. Nikatafuta njia. Ubao mwembamba bapa nikaupitisha mara moja kwenye mtande, juu ya mmoja chini ya mwingine, nikauacha humo humo. Ukiusimamisha kwa ubavu, nusu ya nyuzi zinainuka zenyewe. Ile nusu nyingine nikaifunga kila uzi kitanzi, vitanzi vyote nikavitia kwenye fimbo moja. Unavuta fimbo, nazo zinainuka. Ubao, fimbo, ubao, fimbo. Kitambaa cha mshindio nilikizungushia kijiti kilichochongoka kote kuwili, watoto wakakiita mtumbwi. Cha kushindilia kilikuwa uma wa jikoni. Hadi leo hatuna uma wa tano mezani.

Zulia la kwanza lilianza na upana wa sentimita 60. Katikati lilikuwa na 47. Likaishia na 55 hivi. Mume wangu akalisimamisha ukutani akalitazama kwa makini, akasema lina kiuno kunishinda.

Nikalifumua. La pili likatoka vilevile. Nilidhani nyuzi ni mbaya, nikaziongeza mvutano, misumari miwili ikang'oka. Nilikuwa karibu kurudia kuchoma mabaki.

Aliyeninusuru ni mzee mmoja, mteja wangu, aliyekuja kupunguziwa suruali. Kwao ni Uzaramo, aliolea huku, na ujana wake aliumalizia katika kiwanda cha Urafiki pale Dar es Salaam, kile kilichofunguliwa 1968 kwa msaada wa Wachina. Alikuwa upande wa kufuma. Aliiona fremu, akasahau suruali.

"Mtani," akaniambia, "ninyi Wanyamwezi mmebeba merikani mabegani kutoka pwani miaka na miaka, mkarudi mikono mitupu bila kujua inavyofumwa?"

Utani wa Wanyamwezi na Wazaramo ni wa tangu enzi za misafara, hauna kinyongo, lakini siku hiyo uliniuma kidogo. Nikamjibu kwamba merikani yenyewe, kama jina linavyosema, ilitoka Marekani, na babu zake pwani hawakuifuma pia, waliipokea bandarini. Halafu nikamwambia kwamba Richard Burton, yule msafiri Mwingereza, alipopita Kazeh mwaka 1857, hapa hapa karibu na Tabora ya leo, aliwakuta wenyeji wa Unyamwezi wakifuma pamba yao wenyewe. Nguo za magome ya miti walivaa, ndiyo, lakini kufuma walijua. Majora yaliyokuja na misafara ndiyo yaliyoua kazi ile.

"Haya, Mama Salome, yameisha," akasema. "Sasa sogea nikuonyeshe."

Akavuta mtumbwi, akaniuliza mbona naunyoosha mshindio kama kamba ya kuanikia nguo. Uzi wa mshindio haupiti njia iliyonyooka, unapanda na kushuka kwenye kila uzi wa mtande, kwa hiyo unahitaji urefu zaidi ya upana wa nguo. Ukiulaza umenyooka kisha ukaushindilia, huo urefu unautafuta wapi? Unavuta kingo ndani. Akaulaza wake umepinda kama mgongo wa kilima, akaushindilia kuanzia katikati kwenda pembeni, kilima kikamezwa chote, na kingo hazikusogea. Akaniambia pia nikate kijiti cha sentimita 60 kamili, nikigongee visumari vidogo ncha zote mbili, nikikwamishe kwenye kingo za nguo na kukisogeza kila nikipanda. Viwandani, akasema, wana chuma cha kazi hiyo hiyo.

Kisha akapitisha kiganja juu ya mtande taratibu, macho kayafumba. "Hapa pamelegea. Na hapa." Mimi sikuona kitu. Nikagusa uzi mmoja mmoja kwa kidole, nikasikia: nyingine zinalia, nyingine zinakohoa.

Zulia la tatu lilinyooka. Nikatoa kumi na moja kwa miezi mitatu, nikauza elfu kumi na mbili kila moja, nikaona nimefika.

Desemba mvua zilipokolea, mwalimu mmoja wa Cheyo, hapa hapa mjini, akaja na lake limekunjwa ndani ya mfuko. Alilifua, akalianika barazani, likanyeshewa siku mbili. Vitenge vilikuwa vizima kabisa, rangi zinang'aa. Mtande ulikuwa umekatika sehemu tano, ukivuta kidogo unaachia kama majani makavu. Aibu niliyoipata sitaisahau. Nikamwahidi lingine.

Mzee alipofika sikumsimulia, nilimwekea tu zulia mapajani. Akauliza uzi wa nini. Nikasema wa juti, wa mitumba ya tumbaku. Akacheka mpaka akatoa miwani. "Huo umetengenezwa ufike sokoni, mwanangu, haukutengenezwa kufuliwa." Akanieleza kwamba juti ikilowa hupungua nguvu, na pamba ikilowa huongezeka nguvu. Sikuamini hilo la pamba. Usiku ule nikaning'iniza ndoo kwenye kenchi kwa uzi wa juti uliolowekwa, nikamimina maji kikombe kwa kikombe mpaka ukakatika. Nikarudia kwa uzi mkavu wa unene ule ule. Mkavu ulibeba vikombe vingi zaidi. Nikafanya vivyo hivyo kwa uzi wa pamba, na uliolowa ndio ulioshinda. Watoto walifurahia sana, sakafu ilikuwa ziwa.

Kwa hiyo pamba. Na hapa nina neno. Mkoa wetu huu, Igunga na Nzega, wanalima pamba. Msimu ukifika malori yanapita yakidondosha manyoya meupe kando ya lami. Inachambuliwa, pamba mbegu inakuwa pamba nyuzi, na sehemu kubwa ya pamba nyuzi ya nchi hii inauzwa nje bila kusokotwa. Mimi mfumaji wa Tabora nauagiza uzi wa pamba Dar, unakuja kwa basi, na nauli yake naiweka kwenye bei ya zulia. Ndiyo maana sasa ni elfu kumi na nane, na wateja wakinuna nawaelewa.

Uzi ule wa Dar ulikuwa na manyoya. Kila nikivuta fimbo nyuzi zinang'ang'aniana. Mzee akasema viwandani mtande hupakwa wanga kabla ya kufumwa, ulale na usisuguane. Nikapika uji mwepesi wa muhogo, mwepesi kuliko wa mgonjwa, nikaloweka mafungu ya uzi, nikakamua, nikayaanika yamekazwa kati ya miembe miwili huku nikiyakung'uta yasigandane. Yalipokauka yalikuwa kama nyuzi za gitaa. Nikatandika usiku ule ule kwa furaha.

Asubuhi nikakuta nyuzi thelathini na kitu zimetafunwa. Panya. Tulikuwa tumewaandalia chakula cha jioni, tena kimetandikwa vizuri mezani. Siku hizi situmii uji bila kuahidi kufuma siku hiyo hiyo, na likimaliziwa tu, zulia naliloweka wanga wote utoke. Paka pia yupo.

Kwa fremu hii natoa mazulia mawili kwa wiki pamoja na kushona. Seremala ananiundia nyingine yenye gogo la kuzungushia mtande juu na jingine la kukunjia nguo chini, niweze kutandika mita kumi kwa mpigo badala ya kuanza upya kila zulia. Shemeji wa Urambo alipata lake, la pamba.

Mwalimu wa Cheyo nilimpelekea jipya nyumbani. Nikamwomba lile bovu nikalifumue, vitenge vyake bado vizima. Akakataa. Anatandikia kuku wanaotamia, na anasema tangu hapo hajapoteza yai.