Nilivyoweza kujikinga na moto wa nyika bila kuwafukuza wanyama

Ukiishi ukingoni mwa pori, kiangazi kikikaribia kila mtu hukwambia neno moja: fyeka. Ni ushauri wa kweli, ila hauelezi ufyeke wapi, lini, na ni nani anayeishi ndani ya hizo nyasi. Mimi majibu niliyapata kwenye daftari langu la wanyama, ambalo nimekuwa nikiliandika muda mrefu kwa sababu tu nawapenda.

Karibu na kuta sina mjadala. Mita moja na nusu kuzunguka nyumba ni changarawe tupu. Kuni nimezihamishia mbali, na majani makavu kwenye mifereji ya paa nayatoa kila mara. Nyumba nyingi haziunguzwi na ndimi za moto wenyewe, bali na cheche zinazotangulia na upepo, wakati mwingine zaidi ya kilomita moja mbele. Cheche hizo hutafuta kona yenye takataka, au tundu la hewa chini ya paa. Matundu hayo niliyaziba kwa wavu wa chuma wenye macho ya milimita 3, lakini kwanza nilikaa nje magharibi kadhaa kutazama. Popo walikuwa wakitoka, mmoja baada ya mwingine, kwenye ufa mwembamba kuliko kidole changu. Kwa hiyo nilisubiri hadi watoto wao walipoanza kuruka, nikaziba usiku, wote wakiwa nje.

Kazi ngumu iko kwenye eneo linalofuata, hadi mita 30 hivi. Huko sifyeki kila kitu. Naacha vichaka vichache vilivyotengana, na matawi ya chini ya miti nayakata ili moto wa nyasi usipate pa kukwea. Upande wa bondeni nafyeka kwa upana zaidi, kwa kuwa moto hupanda mteremko kwa kasi: joto lake hukausha mimea ya juu kabla haujaifikia. Kwale hutaga chini, kwenye nyasi hizohizo. Daftari ndilo linalonionyesha ni lini vifaranga huwa wameondoka na nyasi bado zina ubichi, na hicho ndicho kipindi changu cha kufyeka. Nafanya asubuhi kukiwa na umande, maana chuma kikigonga jiwe kwenye nyasi kavu, cheche moja inatosha.

Kabla ya mashine napita kwa miguu, nikizipanua nyasi kwa fimbo, namtafuta kobe. Akiogopa hakimbii, huingia ndani ya gamba na kutulia palepale. Mbele ya mashine au moto, utulivu huo ni kifo. Yupo mmoja ninayemfahamu kwa kovu: nyuma ya gamba lake ile michoro imefutika, pamebaki mfupa mweupe uliokwaruzika. Aliwahi kuunguzwa akapona. Kila nikimkuta namsogeza hadi kwenye kichaka nilichokiacha.

Mashimo ya muhanga siyafukii. Udongo hauruhusu joto lishuke kwa haraka, kwa hiyo ndani ya shimo refu nungunungu na ngiri wanaweza kunusurika huku juu kunawaka.

Moto ulipokuja kweli, mwewe ndio walionitangulia kujua. Hukusanyika mbele ya moto kudaka panzi na panya wanaokimbia. Niliwaona wengi wakizunguka sehemu moja, siku ya upepo na hewa kavu, nikatafuta moshi na kuuona. Niliwapigia zimamoto na majirani, nikaacha geti wazi ili wanyama wapate pa kupita, nikachukua mbwa na mkoba wenye nyaraka, tukaondoka mapema. Kuondoka mapema ni jambo nisilolijadili na mtu. Moto ulipofika kwenye nyasi fupi uliinama, zimamoto wakauzima hapo.

Baada ya hapo nilikagua visiki kwa siku nyingi, maana huendelea kuwaka kwa ndani. Niliweka pia karai la maji lenye jiwe la mteremko, ili viumbe wadogo wanaotumbukia waweze kupanda na kutoka. Chakula sikuweka, huvuta wanyama karibu na watu na mbwa. Vichaka vitatu upande wa bondeni viliungua, na hapo ndipo ninapopanda upya sasa, kwa kuviachanisha zaidi ya mwanzo.