Sekunde 10 zimenila usiku mzima

Jamani nimelala saa kumi alfajiri kisa logo ya sekunde 10 tu. Mteja anaona kavideo kafupi, hajui sekunde 10 kwa fremu (picha) 24 kila sekunde ni picha 240 na After Effects, programu ninayotengenezea video, inazipika moja moja huku kompyuta inaunguruma kama mashine ya kusaga. Imefika ya 211 yuniti za LUKU zikaisha, giza, na betri yangu ilishakufa zamani. Bahati nilikuwa natoa faili za picha (PNG) moja moja siyo video nzima, hivyo zile 211 nimezikuta salama (karibu zote) nikamalizia zilizobaki. Asubuhi namtumia, ananijibu "safi sana kaka, ila hiyo njano tuifanye bluu 🙏" na websaiti yake hata sijaigusa 😭