Makaburu kusini mwa Angola: yote yalianzia kwenye pampu za maji za Calueque

Mtu aliyekulia Dar es Salaam enzi za nchi zilizo mstari wa mbele, ukimgusia vita vya Angola, atakutajia Savimbi, kiongozi wa waasi wa UNITA, Wacuba waliokuja kuisaidia serikali ya Angola, na mapigano ya Cuito Cuanavale. Calueque hatakutajia, na Ondjiva pengine hajawahi kuisikia. Lakini ni huko, katika mkoa wa Cunene, ambako jeshi la Makaburu, yaani la Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi, liliingia Agosti 1975, likatoka, likarudi, likakaa miaka, na halikutoka moja kwa moja hadi Agosti 1988. Habari hizi zimeandikwa kwa majina ya operesheni, Savannah, Protea, Askari, kana kwamba kila moja ilikuwa safari ya wiki mbili na askari wakarudi nyumbani. Ukizifuata kwa njia ya maji na barabara, unaona ni ukaliaji mmoja uliokuwa ukipanuka na kusinyaa.

Tuanze na mpaka wenyewe. Kuanzia maporomoko ya Ruacana hadi mto Okavango, Angola na Namibia zimetenganishwa na mstari ulionyooka kama uzi kwa zaidi ya kilomita 400. Hakuna mto wala kilima. Wareno, waliotawala Angola, na Afrika Kusini, iliyoitawala Namibia, waliafikiana juu yake mwaka 1926, baada ya kugombania kipande chenye upana wa kama kilomita 11. Mstari huo ulipita katikati ya nchi ya Wakwanyama, ambao mfalme wao, Mandume ya Ndemufayo, alikufa vitani dhidi ya jeshi la Afrika Kusini tarehe 6 Februari 1917. Kwa hiyo mtu wa Namacunde, upande wa Angola, ana shangazi zake Oshikango, upande wa pili. Wanalima uwele uleule na kufuga ng'ombe wanaokunywa kwenye oshana zilezile, yale mabonde mapana ya maji ya mvua yanayokauka kiangazi. Bila kulishika hili huwezi kuelewa kwa nini wapigania uhuru wa Namibia walipata chakula pande zote mbili, na kwa nini jeshi lililokuja kuufunga mpaka halikuweza.

Sasa maji. Mto Cunene unatoka nyanda za juu karibu na Huambo, unateremka kusini, kisha unakata kona kwenda baharini upande wa magharibi. Mwaka 1969 Ureno na Afrika Kusini zilitia saini mkataba wa kuutumia kwa hatua tatu. Kwanza bwawa la Gove huko juu, kuhifadhi maji ya masika na kuyaachia kidogo kidogo kiangazi. Pili Calueque, ndani ya Angola, penye pampu za kuyapandisha maji kwenye mfereji wa kwenda Ovamboland, kaskazini mwa Namibia. Tatu Ruacana, mtambo wa umeme uliojengwa kwa mashine tatu za megawati 80 kila moja. Hapa ndipo penye fundo: mtambo wa Ruacana umechimbiwa chini ya ardhi upande wa Namibia, lakini kizuizi kinachoyageuza maji kuuelekea kiko upande wa Angola. Aliyeshika ukingo wa Angola ameshika swichi ya taa na bomba la maji la jirani yake.

Aprili 1974 serikali ya Lisbon ikapinduliwa, Wareno wakaanza kufunga virago. Vyama vya Angola vikagombania miji, na vurugu zikafika hadi Calueque, kwa wafanyakazi wa mradi. Tarehe 9 Agosti 1975 kikosi cha askari wapatao 30 wa Afrika Kusini kikavuka na kuzishika Calueque na Ruacana. Sababu iliyotolewa ilikuwa kulinda mitambo na wafanyakazi. Askari 30 ni wachache mno, basi ya abiria inawatosha. Lakini kituo kikishashikwa kinadai kulindwa: barabara ya kukifikia lazima ifanyiwe doria, na vijiji vya jirani lazima vipekuliwe. Mwezi huohuo zikafuata operesheni dhidi ya SWAPO, chama cha wapigania uhuru wa Namibia, kusini mwa Angola, na tarehe 14 Oktoba msafara ulioitwa Zulu ukavuka kuelekea kaskazini. Ukachukua Pereira d'Eça (ndiyo Ondjiva ya leo), kisha Sá da Bandeira (Lubango), Moçâmedes na Benguela, na katikati ya Novemba ulikuwa Novo Redondo. Uhuru wa Angola wa tarehe 11 Novemba 1975 ulitangazwa Luanda huku jeshi la kigeni likiwa limeshika pwani yote ya kusini.

Ni kidogo sana kilichoandikwa wakati ule, na hilo lilikuwa kwa makusudi. Askari waliamriwa kuvua vitambulisho na sare zao za kawaida, na sheria ya ulinzi ya Afrika Kusini ilikataza magazeti kuchapisha habari za jeshi bila kibali. Wazazi wa Johannesburg hawakujua watoto wao wako Angola hadi Desemba, MPLA, chama kilichoshika serikali Luanda, kilipowaonyesha waandishi wa habari askari waliotekwa.

Tarehe 27 Machi 1976 majeshi yakavuka kurudi, baada ya Luanda kutoa ahadi, kupitia Umoja wa Mataifa, kwamba mitambo ya mto haitaguswa. Calueque ikaachwa haijakamilika. Ndiyo maana Ruacana ilipoanza kufanya kazi ilitegemea maji yanavyokuja: masika umeme tele, Septemba na Oktoba mashine zinapungukiwa.

Kilichowarudisha ni vita vya Namibia vyenyewe. Vilikuwa vimeanza tarehe 26 Agosti 1966 huko Omugulugwombashe, na kundi la kwanza la wapiganaji wa SWAPO lilikuwa limetoka kambi ya Kongwa, Dodoma. Miaka ile ya mwanzo njia yao ilipitia Zambia na ukanda wa Caprivi, mbali mno na watu wao. Wareno walipoondoka, mpaka ule mnyoofu ukafunguka, na mpiganaji akawa na mwendo wa siku chache tu kutoka kambini hadi kwa mama yake mzazi.

Vita ya pale ilikwenda kwa kalenda ya mvua. Wapiganaji wa PLAN, jeshi la SWAPO, walivuka hasa kati ya Desemba na Aprili, na sababu ni tatu zinazoeleweka kwa yeyote aliyewahi kuchunga: madimbwi yana maji ya kunywa, majani yanaficha, na mvua inafuta nyayo. Makaburu walipendelea kiangazi, ardhi ikiwa ngumu. Walikata uwazi kwenye mstari wa mpaka, wakawa wanaukagua mchanga wake wakitafuta alama za viatu. Wapiganaji nao wakajifunza kuzifuta nyayo nyuma yao.

Silaha iliyoumiza zaidi barabarani ilikuwa bomu la kutegwa ardhini, hasa lile la Kisovieti la TM-57, lenye zaidi ya kilo 6 za baruti. Barabara ya vumbi unachimba, unalaza, unafukia, unasawazisha. Lami haikubali hivyo, kiraka kinaonekana, na ndiyo sababu barabara kuu kadhaa za Ovamboland zilitiwa lami wakati wa vita. Litazame gari lao la Buffel uone jinsi bomu hilo lilivyowasumbua. Limejengwa juu ya Unimog, lori la Kijerumani. Tumbo lake lina umbo la herufi V ili mlipuko utawanyike pembeni badala ya kupanda juu, na ndani ya tumbo hilo kumewekwa tangi la maji na la dizeli. Magurudumu yalijazwa maji yapatayo lita 500 kila moja, yapunguze nguvu ya mlipuko. Askari 10 walikaa wamepeana migongo, wamefungwa mikanda, juu wazi bila paa. Mlipuko liliustahimili, ila kwa kuwa uzito wake uko juu, dereva akikata kona kwa kasi lilipinduka, na wengi waliumia bila adui kufyatua risasi.

Agosti 1981 ndipo ukaliaji wenyewe ulipowekwa wazi. Operesheni Protea ilianza tarehe 23 kwa ndege kupiga rada za Cahama na Chibemba. Kesho yake Xangongo ikashambuliwa, kisha Ondjiva, iliyoanguka tarehe 28. Ndege zilikuwa zimedondosha karatasi za kuwaambia raia wahame. Mpango ulikuwa rahisi: msafara mmoja unaziba barabara ya kutoka Cahama ili msaada usifike, mingine inapita porini na kuuzunguka mji. Zaidi ya tani 3,000 za silaha zilibebwa kwenda kusini. Tarehe 31 Agosti wajumbe 13 wa Baraza la Usalama waliunga mkono azimio la kulaani, Uingereza haikupiga kura, Marekani ikatumia kura ya turufu. Safari hii jeshi halikurudi. Aliyeshika Xangongo ameshika daraja la Cunene na barabara ya lami ya kwenda Lubango, na aliyeshika Ondjiva ameshika njia ya kushuka Santa Clara mpakani. Kwa miji hiyo miwili, kusini yote ya mkoa inakatwa na serikali yake. Wakulima na wafugaji wa Cunene ndio waliolipa, na majina yao hayamo katika vitabu vya majenerali. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote katika historia hii.

Desemba 1983, katika Operesheni Askari, walikwenda kinyume na kalenda. Mvua ziliwahi, oshana zikajaa, magari ya deraya yakazama kwenye tope kuelekea Cuvelai, na upinzani ukawa mkali kuliko walivyotarajia. Tarehe 20 Desemba na tena tarehe 6 Januari 1984 Baraza la Usalama likapitisha maazimio 545 na 546 ya kudai waondoke. Marekani haikupiga kura ya kupinga.

Tarehe 16 Februari 1984, mjini Lusaka, Angola na Afrika Kusini zikaafikiana: jeshi litaondoka kwa hatua, tume ya pamoja itakagua, na Angola haitaruhusu SWAPO wala Wacuba kuingia eneo lililoachwa. Ilitazamiwa kuchukua wiki chache. Ilichukua hadi Aprili 1985. Tatizo lilikuwa katika muundo wenyewe: kila hatua ilisubiri tume ithibitishe kwamba hakuna mpiganaji wa SWAPO eneo hilo, na kila alama ya kiatu mchangani ikawa sababu ya kusimama. Kuzuia Wakwanyama wasitembee katika nchi ya Wakwanyama hakuwezekani. Na hata baada ya kuondoka waliendelea kuvuka watakavyo, na Calueque wakaendelea kuishikilia.

Mwaka 1988 Wacuba na Waangola wakashuka kusini-magharibi, wakajenga uwanja wa ndege Cahama, na kwa mara ya kwanza anga ikawa yao. Tarehe 27 Juni ndege za MiG-23 zikaipiga Calueque. Daraja, malango ya bwawa na bomba la maji la kwenda Ovamboland vikaharibiwa, na askari 12 wa Afrika Kusini wakauawa siku hiyo, 11 kati yao kwa mabomu hayo. Tarehe 30 Agosti wa mwisho wakavuka daraja la muda kuingia Rundu, upande wa Namibia. Mikataba ya amani ikasainiwa New York tarehe 22 Desemba, na Namibia ikapata uhuru tarehe 21 Machi 1990.

Septemba mwaka huohuo Angola na Namibia zikakutana Lubango na kuukubali upya, safari hii kama nchi mbili huru, ule mpango wa maji wa 1969. Maji yanapandishwa palepale Calueque, yanaingia mferejini, yanavuka mpaka hadi bwawa la Olushandja na kuendelea Ogongo na Oshakati.