Jiwe la Bibi

Likizo ya Juni 1999 mama alinikabidhi kwa baba mdogo kama mtu anayekabidhi mbuzi mtoro. Nilikuwa darasa la sita pale Dodoma mjini, nimeshavunja kioo cha jirani mara mbili, na baba mdogo alikuwa askari wa wanyamapori kwenye kituo kidogo kando ya Pori la Akiba la Swagaswaga, upande wa Kondoa, enzi hizo Chemba haijawa wilaya. "Huko utashinda na tembo," mama alisema. "Tuone kioo cha nani utavunja."

Tembo sikumwona hata mmoja. Niliona mavi yao, na mibuyu waliyoichubua magamba. Kituo chenyewe kilikuwa mahema mawili ya turubai, kibanda cha mabati na mafiga matatu. Siku ya kwanza niligundua kwamba minyaa iliyotuzunguka haikuota ovyo. Ilikuwa imejipanga, mstari ukikunja kona, ukirudi. Lilikuwa zizi. Nikichimba kwa kidole gumba nilipata vigae vya vyungu. Tulikuwa tunalala kwenye mahame ya watu.

Na kulikuwa na lile jiwe. Lilikaa hatua kama ishirini kutoka jikoni, limezama nusu ardhini, na juu yake pamechimbika shimo refu kama mkono wangu kutoka kiwiko hadi vidole. Ndani palikuwa laini kuliko sufuria ya mama. Ukipitisha kiganja unahisi kabisa njia ya jiwe dogo la juu, lilipoanzia na lilipoishia, na upande mmoja pameliwa zaidi, kana kwamba aliyesaga alikuwa akiegemea bega moja. Mpishi alikuwa akimwaga humo maji ya kusuuzia vyombo. Mimi jioni ile niliona ni beseni, nikaoshea miguu.

"Mjukuu wangu," mpishi akaniita taratibu. "Hapo pana mwenyewe."

Alikuwa mzee wa Kisandawe, wa upande wa Kwa Mtoro, na akikasirika Kiswahili chake kilianza kuingiliwa na vidoko vya kwao. Nilitoa miguu.

Usiku, baada ya ugali wa uwele na mlenda, askari wakanisimulia. Mwaka 1971, wakati wa Operesheni Dodoma, watu walipohamishiwa vijijini, bibi mmoja wa hapo alikataa kupanda lori. Alisema hawezi kwenda popote kabla hajamaliza kusaga uwele wake. Basi, wakasema, mpaka leo hajamaliza. Nadhani kila mgeni aliambiwa hivyo usiku wake wa kwanza, na nusu ya utamu wa hadithi ilikuwa kumtazama akibana mkojo. Nilijikaza. Nilikuwa mtoto wa mjini bwana, nimesoma sayansi.

Sijui ilikuwa saa ngapi nilipoamka. Upepo wa Juni ulikuwa umetulia, na baridi ile ya kwetu inayoingia mpaka kwenye meno. Halafu nikasikia. Hrr-haa. Hrr-haa. Hrr-haa. Kwenda na kurudi, kwenda na kurudi, mzito, wenye mikwaruzo, kisha kimya kama mtu anayeongeza nafaka, kisha tena. Mimi nimelelewa na bibi aliyekuwa akisaga kwa mkono, na mdundo ule naujua. Nilimshika baba mdogo kifua. Kilikuwa macho, kinapiga haraka kuliko changu.

"Tulia," akanong'ona. "Ni chui."

Asubuhi alinipeleka kwenye jiwe akiwa na uso wa mwalimu. Ndani ya shimo mlikuwa na maji kidogo ya vyombo, na pembeni, kwenye tope, palikuwa na nyayo. Alichuchumaa akapitisha kidole pembezoni mwa unyayo mmoja bila kuugusa. "Ona, hamna kucha. Fisi angeacha alama za kucha. Chui anazificha anapotembea." Akaeleza kwamba chui haungurumi kama simba, anakoroma kwa kuvuta pumzi na kuitoa, na ukimsikia usiku utadhani fundi anakata ubao kwa msumeno. Anakuja kunywa maji yetu machafu, anatangaza eneo lake, anaondoka. Hadithi imekwisha.

Nikamkimbilia mzee jikoni na habari hiyo kama niliyeshinda bahati nasibu. Alikuwa anachochea kuni. Hakunitazama.

"Nani kakwambia bibi hawezi kuja na miguu ya chui?" Akaniambia kwamba kwao, wazee walikuwa wakicheza simbo, mtu anacheza mpaka anakuwa simba ili apambane na wachawi, na hakuna aliyekwenda asubuhi kupima nyayo.

Miaka mingi baadaye nilisoma habari za Mnara wa London. Wafalme wa Uingereza walifuga wanyama mle tangu karne ya 13 hadi 1835, na inasimuliwa kwamba mnamo 1816 mlinzi wa zamu alimwona dubu akijitokeza mlangoni, akamchoma singe, singe ikampita kama moshi ikakita kwenye mbao. Mlinzi akazirai, na siku chache baadaye akafa. Nilicheka peke yangu. Dubu wao hana hata mwili wa kuchomwa. Wetu aliacha nyayo nne kwenye tope, akanywa na maji.

Usiku wa pili alisaga tena, na safari hii nilisikiliza kama mtaalamu, nikihesabu. Kumi na tatu, kimya, tisa. Nilimwambia baba mdogo kwamba chui wetu ana pumzi ndefu. Alinipongeza. Lakini niligundua kwamba yeye na wenzake, wataalamu wa nyayo, kwenda chooni walikwenda wawili wawili, na tochi wakaielekeza kila mahali isipokuwa kwenye jiwe.

Usiku wa tatu kukawa kimya. Nililala macho wazi nikisubiri. Hema la pili nalo nikasikia mtu anageuka, anakohoa, anageuka tena. Mwishowe baba mdogo akatoka nje, nikamfuata na blanketi. Askari wawili walikuwa wameshafika kwenye makaa, hawasemi kitu. Mpishi naye alikuwa pale, amejifunga shuka, anakoroga chai ambayo hakuna aliyeiomba.

"Leo hasagi," mmoja akasema hatimaye.

Mzee akanimiminia kikombe. "Labda uwele umemwishia," akasema, na sote tukageuka kutazama gunia letu la unga.